Mtoto Aliyezaliwa Mama Yake Hayupo

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, saa sita na nusu mchana, nilipokuwa nimembeba mgongoni mtoto asiye wangu, nikifuata njia ya zamani ya misafara kwenda kumtafuta mama yake. Mtoto alikuwa na siku mbili. Katika siku hizo mbili hakuwa amelia hata mara moja. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimevaa gauni langu jeupe la uuguzi, na nilikuwa naogopa kugeuza shingo kutazama nyuma.

Juzi uliniuliza, tumbo lako likiwa la miezi saba, kama ni kweli siku hizi mtu anaweza kuzaa bila kusikia chochote, na kama mimi niliyezalisha miaka yote hii ningekushauri hivyo. Sikukujibu. Ulidhani sikusikia, ukapandisha sauti, ukarudia. Nilisikia, mwanangu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Mimi ni mtoto wa mjini, mtoto wa Chemchem. Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja pale Tabora, akishona kaptula za shule na kanzu za Idi. Nilisomea ukunga mjini, nikafaulu vizuri, na nilijiona. Nilipenda kofia yangu, nilipenda saa yangu ya kubandika kifuani, na zaidi ya yote nilipenda wodi iliyotulia. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hivyo, lakini nilijiwekea kichwani kwamba mkunga hodari hujulikana kwa ukimya wa wodi yake. Mama akipiga kelele, niliona kama ananivunjia heshima.

Nilipomaliza nikapangiwa kituo cha afya katika kijiji kipya upande wa Igalula. Jina la kijiji sitalitaja, watu wake bado wapo na wengine wananisalimia. Ulikuwa ule wakati wa kuhamia vijijini. Watu waliokuwa wakiishi mbali mbali, kila ukoo na mashamba yake, waliletwa pamoja kwa malori, wakapimiwa viwanja kwa kamba, nyumba zikapangwa kwa mistari. Kituo chetu kilikuwa bado kinanuka rangi. Watu walikuwa hawajazoeana. Mtu alikuwa akitoka nje asubuhi anasimama kwanza, kama anakumbuka yuko wapi.

Na mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka pale, kwenye ile njia ya zamani waliyopita wapagazi na pembe zao za ndovu, yalibaki mahame. Paa zilikuwa zimeezuliwa, milango imeng'olewa na kupakiwa kwenye malori, lakini kuta zilikuwa zimesimama. Mafiga yalikuwa bado na majivu. Wenyeji hawakupenda kupataja. Wanawake wakienda kukata kuni upande ule, walikwenda wakiongea, wakifika karibu wananyamaza wote kwa pamoja, wakishapita wanaongea tena. Mimi wa mjini nilicheka.

Katika kijiji hicho alikuwepo binti mmoja anaitwa Kalunde, mke wa kijana mkulima wa tumbaku aitwaye Maganga. Alikuwa na mimba ya kwanza. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake mzaa mama, Bibi Nyamizi, ambaye ndiye alikuwa mkunga wa watu wale kabla ya sisi wenye kofia kufika. Bibi huyo alihamishwa kwa lori kama wengine. Alikaa kijiji kipya siku nne. Siku ya tano akajitwisha chungu chake akarudi mahameni kwa miguu. Viongozi walimfuata mara mbili, wakamleta. Mara mbili akarudi. Mwishowe wakamwacha akae huko peke yake na kuta zake.

Kalunde alikuja kituoni asubuhi, uchungu umeshaanza, anatembea mwenyewe. Mganga msaidizi, mkuu wetu wa kituo, alikuwa amekwenda mjini kufuata dawa. Nilikuwa peke yangu. Na siku hiyo hiyo tulikuwa tumeambiwa wageni kutoka wilayani wangepita kuangalia kituo kipya.

"Shikamoo, nesi," alisema, ingawa tulikuwa karibu marika. "Naomba mtu amfuate Bibi. Nataka anishike mgongo."

"Bibi yupi?"

"Bibi Nyamizi."

Nikamwambia, na maneno haya nayasikia mpaka leo, "Hapa ni kituo cha afya. Mambo ya mahameni yabaki mahameni."

Hakubisha. Akaomba atembeetembee, nikamkatalia. Akapiga magoti kando ya kitanda, kichwa kwenye godoro, akawa anajitikisa kiuno huku na huku, nikamwinua na kumlaza chali kama nilivyozoea. Kila uchungu ulipokuja alikuwa anatoa sauti moja nene kutoka chini kabisa ya tumbo. Sasa najua ile ilikuwa sauti ya mwanamke anayefanya kazi yake vizuri. Wakati ule nilikuwa nasikiliza kama gari la wageni linakuja.

Tulikuwa na sindano ya kutuliza uchungu, ndani ya kabati lenye kufuli, iliyowekwa kwa ajili ya wagonjwa wenye shida kubwa. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Niliposikia mlio wa Landrova kwa mbali, nikavuta dawa.

Kalunde akaiona sindano. "Ya nini hiyo, dada?"

"Ya kukuongezea nguvu."

Nilimdanganya, mwanangu. Sikuwa na sababu nyingine yoyote. Alikuwa mzima, mtoto alikuwa mzima, njia ilikuwa inafunguka vizuri. Nilitaka anyamaze tu. Na baada ya muda, nilipoona bado anagugumia na wageni wako uani wananawa mikono, nikamchoma ya pili, wakati saa yake ilikuwa haijafika.

Akanyamaza. Mgeni mmoja akachungulia dirishani, akasema, "Kwa kweli hapa pana utulivu." Nikatabasamu. Wakaandika jina langu kwenye daftari lao, wakaondoka.

Nilipogeuka kumtazama Kalunde, alikuwa amelala macho wazi. Hakuwa ananiona. Nilipunga mkono mbele ya uso wake, kope hazikucheza. Uchungu ulikuwa unakuja, tumbo linajikaza na kusimama kama jiwe, lakini uso haukubadilika. Ilikuwa kama mwili umeachwa pale uendelee na kazi, mwenyewe ametoka. Jua lilikuwa linaingia mlangoni, hakuna upepo, na kijiji kizima kilikuwa shambani.

Ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba maji, "Mtoe yule aliyekaa mlangoni."

Nikatazama mlangoni. Palikuwa na mwanga tu kwenye sakafu.

"Hakuna mtu, Kalunde."

"Yupo. Ana mtoto wangu."

Nilikwenda nikafunga mlango, na nilipokuwa naufunga nilihisi ubaridi mkononi, mchana ule wa jua. Sisemi kwamba palikuwa na kitu. Nakusimulia nilichohisi.

Mtoto alitoka mnamo saa kumi alasiri. Mama hakusukuma kwa akili yake, niliminya na kuvuta mpaka jasho likanidondoka. Alikuwa wa kiume, mzito, na alikuwa mlegevu kama nguo iliyolowa. Rangi yake ilikuwa ya majivu. Nilimfuta, nikamsafisha mdomo, nikamsugua mgongo, nikamgonga nyayo. Kimya. Nikampulizia pumzi kidogo kidogo kwa mdomo wangu, nikiomba kila dua niliyofundishwa madrasa. Ilipita muda ambao siwezi kuupima. Kisha kifua kikapanda. Kikapanda tena. Hakulia. Alifungua macho, akayageuza polepole, akatazama upande wa mlango.

Dawa niliyompa mama ilikuwa imemfikia na yeye. Nilijua hivyo, ilikuwa kwenye vitabu vyangu. Nilifungua kabati, nikarudisha kichupa, nikafunga kwa ufunguo. Kondo la nyuma nililitupa kwenye shimo la kituo bila kumwuliza mtu.

Kesho yake asubuhi Kalunde alikuwa amezinduka. Nilimletea mtoto akiwa amefunikwa kanga safi. Alimtazama kwa adabu, kama unavyotazama mtoto wa mgeni.

"Mzuri. Wa nani huyu?"

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. "Wako. Umezaa jana."

Alijishika tumbo. Nikaona hofu inapanda usoni mwake taratibu. "Mimi sijazaa. Nililala. Mlinilaza, nikaota mtu amechukua mtoto wangu, nimeamka, tumbo halina kitu. Wangu yuko wapi?"

Nilimweleza, nikamwekea mtoto kifuani, akamsukuma. Maziwa yalikuwa yanaanza kumtoka, yanalowesha nguo, naye anakataa. Maganga alikuja, akamshika mwanawe, akaniambia nje ya mlango, "Nesi, mke wangu si mwongo. Niambie kilichotokea."

"Nimemzalisha kwa mikono hii!" nikamfokea. "Amechoka tu. Atazoea." Akainamisha kichwa, akaenda shambani.

Mtoto nilimnywesha maji ya glukosi kwa kijiko. Alikuwa anameza kidogo, anasinzia. Nilikwenda kwa mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha, nikamwomba amsaidie kwa siku moja. Alimfunua mtoto usoni, akasubiri alie. Mtoto akamtazama tu. Yule mama akamfunika upesi. "Nisamehe, nesi," alisema. "Maneno yamefika kisimani. Wanasema mtoto wa kweli amebaki mahameni, na huyu amewekwa badala yake." Wa pili hakunifungulia mlango. Nilipita katikati ya zile nyumba za mstari, na mbele yangu milango ilikuwa inafungwa mmoja mmoja, bila kelele, bila matusi.

Siku iliyofuata, mchana, niliingia wodini nikakuta kitanda kitupu. Shuka lilikuwa limekunjwa vizuri. Mtoto alikuwa pale pale, macho wazi.

Nilijua Kalunde amekwenda mahameni, kwa bibi yake. Na nilijua kwamba nikipiga kelele kijiji kikusanyike, mambo yote yatajulikana. Basi nikamfunga mtoto mgongoni kwa kanga yangu, nikatoka kwa mlango wa nyuma, peke yangu. Ona nilivyokuwa, mwanangu: mtu anaweza kufa, na mimi bado nalinda jina langu.

Njia ile ya zamani imechimbika kwa nyayo, inakwenda kama mfereji katikati ya miombo. Kando yake hapa na pale kuna chungu za mawe. Watu husema ni wapagazi waliozikwa njiani na mizigo yao ikabebwa na wengine. Mchana ule hakuna ndege aliyelia. Nilikuwa nasikia pumzi yangu tu, na mara kwa mara nanyoosha mkono nyuma nimguse mtoto kama bado ana joto.

Nilipoanza kuziona kuta za mahame, nikasikia mtoto analia.

Nikasimama, moyo umenijaa furaha. Nikadhani ni huyu wa mgongoni. Nikamgeuza mbele, nikamtazama. Alikuwa amelala. Mdomo umefumba. Na kilio kilikuwa kinaendelea, chembamba, cha mtoto mchanga mwenye njaa, kikitoka ndani ya zile nyumba zisizo na paa.

Nilitaka kukimbia. Nakwambia kweli, miguu ilikuwa imeshageuka. Kilichonizuia ni uzito wa yule mtoto. Baadaye nimewauliza watu. Mmoja aliniambia ni ndege aitwaye hondohondo, mwingine ni mnyama fulani wa porini anayelia hivyo. Inawezekana. Mimi sikukiona kilicholia, na sikukitafuta.

Nilimkuta Kalunde kwenye nyumba ya tatu, ndani, amepiga magoti pale ulipokuwa mlango. Alikuwa anachimba kwa mikono. Kucha zilikuwa zinatoka damu. Hapo, nilikuja kujua, ndipo ukoo wao ulikuwa unazika makondo ya watoto wao wote, na lake yeye mwenyewe lilikuwa hapo.

"Namsikia," alisema bila kuinua macho. "Nawe unamsikia?"

Nilishindwa kusema hapana. Nikasema, "Namsikia."

"Basi nisaidie kuchimba."

Ndipo kikatokea kivuli juu yetu. Bibi Nyamizi alikuwa mwanamke mdogo, amejifunga kaniki mbili, ana jembe begani. Nikatamka shikamoo. Akaitika marahaba, akamtazama mjukuu wake, akatazama mgongo wangu, akanyoosha mikono. Nikamfungua mtoto, nikampa.

Alimvua kila kitu nilichomviringishia. Akamnusa kichwa, akamtia kidole kinywani, akamshika kichwa chini kidogo kwenye kiganja. Akamgeuza na kumlaza uchi juu ya mkono wake, juani. Mtoto akajikunyata, akatupa mikono, akalia. Kilio cha kwanza tangu azaliwe. Mwanangu, sauti ilikuwa ile ile niliyoisikia njiani. Na ile ya kwenye kuta ilikuwa imekoma.

Kalunde akaacha kuchimba, lakini hakumpokea. "Si wangu," alisema, safari hii kwa kilio. "Bibi, sikumwona akitoka. Nitajuaje?"

Bibi Nyamizi akanigeukia. Hakufoka. "Binti, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Bibi."

"Yeye hakuwepo. Basi kaa chini umsimulie. Kila kitu. Alipofika mpaka mwisho."

Nikakaa vumbini na gauni langu jeupe. Nikaanza. Nikasimulia alivyofika anatembea, alivyonisalimia, alivyotaka kupiga magoti. Nikasema, "Kisha ukalala, na mnamo saa kumi mtoto akatoka."

"Umeruka," alisema Bibi Nyamizi.

"Bibi?"

"Mtu mwenye uchungu halali hivi hivi. Umeruka mahali. Rudi."

Jua lilikuwa kichwani mwangu. Nikatazama mikono yangu. Nikasema, "Nilikuchoma sindano ya kukulaza. Nikakwambia ni ya nguvu. Nilikudanganya. Nikakuchoma ya pili. Walikuwa wanakuja wageni, na mimi nilitaka kimya."

Nikaendelea, maana sasa nisingeweza kuacha. Nikamwambia alivyolala macho wazi, maneno aliyoyasema, mlango nilioufunga. Nikamwambia mtoto alivyotoka, kichwa kwanza, uso umeelekea chini, bega la kushoto, kisha kulia. Nikamwambia rangi yake, na jinsi nilivyompulizia. Nikamwambia kondo lake nililitupa wapi. Nilikuwa nalia, na yeye alikuwa ananisikiliza mdomo wazi, kama mtu anayesikiliza habari za msiba wa mbali.

"Yule wa mlangoni," aliuliza, "hukumwona kabisa?"

"Sikumwona."

Bibi Nyamizi alimfungua Kalunde nguo ya kifuani, akamlaza mtoto pale, ngozi kwa ngozi, akaweka kaniki juu yao wawili. Hakumlazimisha kitu. Mtoto akahangaika, akageuza kichwa huku na huku, akatafuta mwenyewe, akapata, akavuta.

Kalunde akashtuka, akajishika tumbo la chini. "Linakaza!" alisema. "Bibi, linauma. Ni ule ule. Ule wa asubuhi ile."

"Ndiyo," alisema Bibi. "Akinyonya, nyumba yake inajifunga. Inamjua."

Mtoto akavuta tena, uchungu ukaja tena, na Kalunde akatoa ile sauti yake nene ya chini ya tumbo niliyokuwa nimeinyamazisha. Safari hii hakuna aliyemzuia. Akapiga magoti, mtoto kifuani, kichwa begani kwa bibi yake, akajitikisa kiuno huku na huku mpaka uchungu ukapita. Kisha akainua kaniki, akatazama chini kwa muda mrefu. Akamhesabu vidole. Akasema, "Mayu," kwa Kinyamwezi, jina wanalomwita mama, sijui alikuwa anamwambia nani. Halafu akaniambia, "Ana masikio ya Maganga."

Nilirudi kijijini nikamweleza mganga msaidizi kila kitu, na Maganga nikamwomba radhi mbele ya watu. Nilinyang'anywa ufunguo wa kabati kwa mwaka mzima, nikapewa onyo la maandishi. Nilistahili zaidi ya hapo. Adhabu yenyewe ninayoikumbuka ni ya Bibi Nyamizi. Nilipomuaga siku ile aliniambia maneno haya tu: "Uliogopa sauti yake. Kwa nini unafanya kazi hii kama unaogopa sauti?"

Nilimwomba aje kituoni. Alikataa mara nyingi, kisha akaanza kuja, asubuhi anakuja, jioni anarudi kwenye kuta zake. Tuligombana sana. Dawa zake za mizizi nilimkatalia, naye sindano zangu zisizo na sababu alizikataa kwa macho tu. Tulipoziweka kando zote mbili, tukabaki na mikono, maji ya moto, kamba iliyofungwa kwenye boriti ya kushikilia, na muda. Ukishangaa ni mambo mangapi yanaweza kufanywa kwa hayo, hutashangaa peke yako.

Kalunde alirudi kuzaa mara ya pili baada ya miaka miwili. Alitembea uani mpaka alipochoka. Bibi alimsugua kiuno kwa kitambaa cha maji moto. Alikunywa uji. Aliponguruma, mimi nilinguruma naye kidogo, tukacheka. Alizaa amepiga magoti, ameshikilia kamba, saa tano asubuhi, na mikono ya kwanza kumshika mtoto ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa msichana, na alilia kabla miguu haijatoka. Hakuna aliyehitaji kumwonyesha titi.

Nilimtazama Kalunde usoni. Aliniambia, "Nesi, niliuona wote. Umeuma, lakini nilikuwemo."

Yule wa kwanza akakua, ni mtu mzima sasa, yuko kwenye kazi za reli. Mama yake alimpenda bila kubagua. Lakini kila mwaka, kiangazi kikiingia, Kalunde alikuwa anakuja nyumbani kwangu, hata nilipohamia Ntalikwa. Anakaa, anakunywa chai, kisha anasema, "Nisimulie tena." Nami namsimulia alivyozaliwa mwanawe wa kwanza: bega la kushoto, kisha kulia. Ananisikiliza macho yameniganda. Mwaka mmoja, nywele zetu zimeshakuwa nyeupe, aliniuliza polepole, "Na kama ulinidanganya na hapa?" Nikaapa. Akaitikia kwa kichwa. Lakini niliona, mwanangu, kwamba kiapo changu hakikumfikia pale palipokuwa patupu. Kuzaliwa kwa mtoto wake alikujua kwa kuambiwa tu, na aliyemwambia ni yule yule aliyemwibia.

Basi swali lako nalijibu sasa.

Kama mimba yako ni nzima na mtoto amekaa vizuri, usikimbilie dawa za kukulaza kwa sababu ya hofu peke yake. Uchungu wa kuzaa una mwanzo, una mapumziko katikati, na una mwisho. Mwili wako unaujua. Tembea, piga magoti, egemea ukuta, oga maji ya moto, kunywa, toa sauti unayoitaka. Chagua mtu mmoja unayempenda awe nawe asikuache. Mama asiyelazwa na dawa anasikia wakati wa kusukuma, anaweza kugeuka atakavyo, husimama mapema baada ya kuzaa. Na mtoto wake huja akiwa macho, analia, ananyonya mapema. Na mnaonana siku ya kwanza, nyote wawili mkiwepo.

Lakini uzalie kituoni au hospitali, penye mtu aliyesomea, usije ukasema mimi nilikutuma uzalie porini. Ukitoka damu nyingi, ukiumwa kichwa cha kupasuka, macho yakiingia ukungu, mtoto akikwama, mwache daktari afanye kazi yake, hata kama ni kisu, hata kama ni sindano, na usione aibu hata chembe. Mwanamke aliyepasuliwa amezaa sawasawa na mwingine. Hata akiomba mwenyewe kutulizwa kwa sababu amezidiwa, ameomba akijua. Ubaya wangu mimi ulikuwa kumchoma bila sababu na bila kumwambia. Kwa hiyo kila sindano, uliza: ya nini, itamfanya nini mtoto, kuna njia nyingine? Anayekujali atakujibu. Asiyetaka kukujibu, mwambie mumeo aite mwingine.

Na wewe mdogo wake, unayesomea uuguzi na unanisikiliza hapo pembeni: usiombe ukimya wodini. Mwulize mama, mwambie kweli, kisha umvumilie.

Mwenyezi Mungu akuvushe salama, mwanangu. Akupe uchungu unaoweza kuubeba, akuondolee usioweza kuubeba. Akupe mkono wa mtu unayemwamini mgongoni mwako. Mtoto wako aje na kilio kikubwa mpaka majirani wajue, na wewe uwe wa kwanza kukisikia. Amin.